Mtoto Aliyekuja na Akiba Yake

Jamani sogeeni, na wewe uliyesimama mlangoni ingia, baridi ya mlimani hii haina adabu. Mnaniuliza kwa nini akizaliwa mtoto mnene watu wote wanapiga vigelegele, mimi peke yangu nakaa kimya. Mimi! Mimi ambaye nikinyamaza kidogo tu watu wanakimbia kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Basi sikilizeni. Mke wangu alipobeba mimba ya binti yetu, ile haikuwa mimba, ilikuwa milima ya Uluguru ya pili. Akienda kuchota maji, tumbo linafika leo, yeye anafika kesho. Tulikuwa tunakaa Mlali, nalima nyanya. Kliniki wakampima mkojo, wakakuta sukari. Nesi akamwambia, "Mama, hiki ni kisukari cha mimba. Sukari acha, na uende hospitali kubwa mjini wakupime vizuri."

Sukari tukaiacha siku ile ile. Pakiti tuliitoa ndani mbio mbio kama tumemkuta mchawi uvunguni. Na kwa kuwa imeshatoka, safari ya mjini tukaona ya nini tena?

Mama mkwe akashuka kutoka mlimani kuja kumtunza mwanawe. Kichwani mkungu wa ndizi mbivu, begani miwa, mkononi dumu la asali. Mkwe humkaripii, kwa hiyo nikauliza kwa sauti ya kuombea chumvi.

"Shikamoo mama. Hii asali kliniki hawataigombeza?"

"Marahaba, mwanangu. Kwani wamekataza nini?"

"Sukari, mama."

"Asali inatengenezwa kiwandani?"

"Hapana."

"Basi kaa na nyanya zako."

Nikakaa na nyanya zangu. Huku kwetu sukari ni ile ya kiwandani, nyeupe, inatoka kwenye gunia. Asali ni dawa. Muwa wenyewe tunajua ndiye mama yake sukari, lakini nani aliwahi kumshtaki mama kwa makosa ya mwanawe? Mke wangu akala. Ametunzwa kweli kweli, asikudanganye mtu.

Akajifungulia zahanati, kwa tabu ambayo siwezi kuitania hata mimi. Mtoto akatoka mkubwa mpaka mimi baba yake nikataka kumwamkia shikamoo. Mzani ulipiga kelele. Nesi pekee ndiye hakucheka. Akasema, "Mtoto wa mama mwenye kisukari, akitoka tumboni, anaweza kuishiwa sukari mwilini. Mnyonyesheni mara kwa mara. Akilala muamsheni. Na msiondoke hapa mpaka tumwangalie vizuri."

Lakini nyumbani wageni walishajaa na kuku wao mkononi, wamekuja kuona maajabu. Asubuhi mama mkwe akafunga vitu, tukaondoka.

Mtoto akalala. Hajalia, hajasumbua. Mke wangu akimgusa ili anyonye, mama mkwe anamshika mkono. "Mwache mwenzio apumzike. Mtoto mnene hivi amekuja na akiba yake." Maneno matamu hayo! Kila mgeni aliyeingia akayarudia kama salamu.

Mchana mtoto akaanza kutetemeka. Kwanza kidole, halafu mkono, halafu mdomo. Wanawake wakatabasamu. "Anacheza na malaika huyo." Tukakaa tunawatazama malaika wakicheza na mtoto wetu. Walicheza sana. Mwisho macho yakageuka juu, ngozi ikawa rangi ya majivu, na mke wangu akapiga ukelele ambao nadhani hata Dumila kule mbali waliusikia.

Pikipiki ile iliyotubeba haikukanyaga chini. Mtaa wa Mafiga, kule mjini, tuliukuta umetoka kutupokea njiani. Hospitali wakamwekea dripu kwenye mkono mdogo ule, na degedege ikawa inakwenda inarudi. Daktari alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya taratibu. Akatuambia tumboni mtoto alikuwa anapokea sukari nyingi ya mama yake, mwili wake ukazoea kuichoma kwa haraka. Kitovu kilipokatwa, sukari ikakatika, mwili ukaendelea kuchoma. Ubongo ukakosa chakula.

Mama mkwe akauliza, "Mtoto mnene vile?"

"Ndiyo, bibi. Alikuwa na njaa."

Mama mkwe akakaa chini, sakafuni, pale pale walipokuwa wanapita watu na vitanda. Tangu siku hiyo chai yake hatii kitu chochote. Hakuna aliyemkataza.

Mtoto akapona, kama kule ni kupona. Wenzake walikaa, yeye amelala. Wenzake wakatembea, wakaanza kutukana, yeye ndiyo kwanza shingo inakaza. Mkono wa kulia mzito, mguu wa kulia mzito, na neno hata moja hana. Mimi nimewahi kuchekesha watu msibani mpaka maiti nikaihofia itacheka, lakini mwanangu nikimchekesha alikuwa ananitazama kama ukuta. Usiombe kutazamwa hivyo na mwanao.

Tukawa tunampeleka mjini kwenye mazoezi, na nyumbani bibi yake anamnyoosha kila siku, mtoto analia, bibi analia, mkono unanyooshwa. Yule wa mazoezi alituambia, "Ubongo wa mtoto bado unatafuta njia nyingine. Mkiacha, viungo vitakakamaa." Nikamuuliza kama atatembea. Akasema hajui.

Alipofika miaka mitatu akaja mjomba, kaka yake mama mkwe, mkubwa wa ukoo. Sasa nyie mnajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba ni kibarua tu, unalima, wenye shamba wanavuna. Mjomba akakaa kwenye kiti, akakohoa kikohozi cha kikao.

"Mtoto huyu ametupiwa kitu. Namchukua, anapanda mlimani kwa mganga, atakaa huko. Hospitali basi."

"Mjomba," nikasema, "na mazoezi?"

"Wewe umeulizwa? Mtoto wa ukoo, na ukoo ndiyo umeamua."

Mke wangu akafunika uso kwa khanga. Mimi mdomo huu mnaouona, mrefu kutoka hapa mpaka stendi, ukakauka. Niliona mguu ule unakakamaa kule juu, na mimi sina hata pa kuushikilia. Mama mkwe alikuwa mkekani, mtoto amemwegemea kifuani.

Mjomba akainuka, akanyoosha mikono amchukue. Mtoto akamkazia macho. Midomo ikahangaika, ikapinda upande, mate yakamtoka, halafu kwa sauti nzito, kama mtu anayefukuza kuku aliyeingia jikoni, akasema:

"Toka!"

Hata inzi walitua. Neno la kwanza la maisha yake, na mikono ya mjomba bado iko hewani. Mama mkwe akamkumbatia mtoto, machozi yanamwagika, akamtazama kaka yake juu mpaka chini:

"Haya kaka, ukoo wenyewe ndio huu umesema. Toka!"