Makalio Yangu Yalisingiziwa

Mimi ni mwanaume pekee ninayemfahamu ambaye makalio yake yaliwahi kujadiliwa kwenye kikao rasmi cha makocha.

Dakika ishirini. Tena na ubao wa kuchorea.

Usicheke kwanza, ngoja nikupe mkasa wote.

Naitwa Kaz Prusak, mtoto wa Wausau, Wisconsin, kilo mia arobaini na moja bila viatu. Nimecheza mpira wa kulipwa miaka mitatu. Nasema mpira wenyewe, ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kugongana kama ng'ombe, siyo ule wa kukimbia na kaptura.

Kazi yangu ilikuwa katikati ya mstari. Unainama, unashika mpira chini, na nyuma yako mrushaji anaingiza mikono chini ya makalio yako. Akitoa sauti, unampitishia mpira katikati ya miguu. Yeye anarusha, anashangiliwa, anapigwa picha na wake za maseneta.

Wewe unakanyagwa.

Mrushaji wetu alikuwa Beau Tarleton wa Mississippi, miaka thelathini na sita, kumi na miwili yote kwenye timu moja. Uso wake ulikuwa kwenye mabasi. Sisi wengine hata walinzi wa getini walitudai vitambulisho.

Agosti ile tulikuwa wachezaji tisini kambini na wangebaki hamsini na watatu. Nafasi yangu niligombea na dogo wa Kisamoa, Fetu Leavasa, mwenye shingo nene kuliko paja langu. Mmoja wetu lazima angerudi kwao.

Sasa, siku ya nne ya mazoezi, Tarleton akadondosha mpira.

Akadondosha tena. Wa tatu ukamponyoka ukabingirika mpaka kwenye ndoo ya maji.

"Kocha!" akapiga kelele. "Huyu Mnene makalio yake yanavuja! Mpira unakuja umelowa kama sabuni!"

Watu tisini walicheka. Hata yule padri wa timu alicheka, na yeye analipwa kutuombea.

Kuanzia hapo ikawa wimbo. Nikipita chakulani, mtu ananiuliza kama nimekuja na mwavuli. Mtu mmoja alibandika kwenye kabati langu karatasi ya "Tahadhari, sakafu inateleza." Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa naungua, kwa sababu najijua. Ninatoka jasho, ndiyo, kila mtu anatoka jasho Agosti. Ila kule chini mimi ni mkavu. Mama yangu ni shahidi.

Makocha wakakaa kikao cha dakika ishirini, kisha Kocha Drummond akaniita. "Prusak, miguu yako safi, kichwa chako safi. Lakini kama mrushaji wangu hawezi kushika mpira kwa sababu yako, kibarua kimeota nyasi. Mechi ya Alhamisi ndiyo ya mwisho ya kirafiki. Rekebisha."

"Nirekebishe nini, Kocha?"

"Sijui. Mimi siyo daktari wa huko."

Nikaenda kwa Mzee Orville Tibbs, mtunza vifaa wetu, aliyekuwa na miaka arobaini kwenye stoo ile. Alishaona kila aina ya makalio. Akatoa kopo la poda ya watoto.

"Geuka, mwanangu."

"Mzee, naweza kujipaka mwenyewe."

"Ungekuwa unaweza usingekuwa hapa. Geuka!"

Alhamisi akanipaka poda kama anaandaa maandazi, akanivalisha suruali mpya ya kijivu. Tarleton alipokea mpira kwangu mara sita tu. Katika hizo sita, alidondosha mpira mara mbili mbele ya watu elfu sitini. Tukatolewa wote wawili. Niliketi benchi nikajua nimekwisha.

Baada ya mechi Mzee Tibbs akanivuta stoo akafunga mlango. Akaitandaza suruali yangu mezani.

Kwa ndani, poda ilikuwa kavu kabisa, haijagandana hata kidogo.

Kwa nje, palepale kwenye makalio, kulikuwa na alama mbili nyeusi za unyevu. Vidole vinahesabika.

"Mikono yake," nikasema.

"Mikono yake. Nilianza kushuku tangu mwaka jana," mzee akajibu. "Ana hofu. Wamemleta mrushaji kijana wa kumrithi, na kila akiinama anamfikiria. Sasa sikiliza, Kaz. Mpelekee suruali hii wewe mwenyewe. Ninyi wawili tu, mlango umefungwa."

"Sawa, Mzee."

Nikasema sawa. Lakini watu tisini walinicheka hadharani, na mimi nilitaka kicheko changu kirudi hadharani.

Ijumaa asubuhi nikawahi kuliko wote. Nikaianika ile suruali juu ya kabati la Tarleton, nimezungushia zile alama chaki, na karatasi: "Mwenye mikono hii afike kwa mtunza vifaa achukue taulo."

Mama yangu! Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wengine wakaanza kufuta viganja kila wakimsogelea. Tarleton akaingia, akasoma, akatazama.

Akacheka kuliko wote.

Nilijiona mfalme. Ufalme wangu ulidumu saa mbili.

"Prusak. Kocha anakuita. Njoo na kishikwambi chako."

Kila mchezaji anajua maneno hayo. Kishikwambi kina mbinu zote za timu. Wakikitaka, wewe siyo wa timu tena.

Niliingia nikiwa nimevimba. "Kocha, unanifukuza kwa kusema ukweli?"

Drummond alinisukumia karatasi. Orodha ya hamsini na watatu, tarehe ya jana. Jina langu lilikuwepo. La Fetu lilikuwa limekatwa.

"Jana, hata viatu hajavua, Beau alikuja hapa," akasema. "Akaniambia, 'Makalio ya Mnene hayana kosa, ni mikono yangu. Usimwache. Jumatatu nitawaambia wote mwenyewe.' Mtu mzima alilia kwenye hicho kiti ulichokalia."

Nikaisoma tena ile orodha.

"Ningeweza kuwa na mrushaji aliyekiri. Watu wangemfuata. Wewe umenipa mrushaji anayechekwa. Siwezi kumwondoa yeye, na siwezi kuwaweka ninyi wawili chumba kimoja. Acha kishikwambi mezani."

Nilitoka na mfuko wangu. Tarleton alikuwa amesimama koridoni peke yake.

"Pole, Kaz," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Nikaweka mfuko chini nimwombe radhi. Akanyoosha mkono. Nikaushika.

Ulikuwa umelowa chapachapa.

Nilijaribiwa na timu mbili baada ya hapo, hakuna iliyonichukua. Siku hizi nauza matrekta Wausau, na bado ni mkavu.

Ndugu yangu unayesoma, ukiwa na haki usikimbilie kuianika. Huenda mwenye kosa yuko njiani anakuja kulibeba mwenyewe, na wewe ndiye uliyemfungia mlango.