Kinyozi na Mbwa wa Chini ya Lori

Kuna vinyozi wanaojua kunyoa na kuna vinyozi wanaojua kuongea. Huyu wetu alijaliwa vyote viwili, ndiyo maana mtu aliyeingia kwake kupunguza ndevu tu alitoka baada ya saa nzima, kidevu safi na habari za mtaa kiganjani. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, benchi la wanaosubiri, na kiti cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimeacha kuzunguka zamani sana. Nyuma ya kiti hicho alikuwa amesimama miaka thelathini na ushei.

Mambo ya mbwa yalimwanzia kwa sababu ya mashine yake ya kunyolea. Siku moja daktari wa wanyama, mwanamke mfupi wa maneno machache mwenye kliniki mtaa wa pili, aliingia amebeba kitu kinachonuka ndani ya taulo.

"Shikamoo, mzee. Mkasi wangu umeshindwa," alisema. "Chini ya manyoya haya kuna vidonda, na siwezi kutibu nisichokiona."

Kinyozi aliwatazama wateja. Wateja wakatazama dari. Basi akamweka yule mnyama juu ya gazeti na kuanza kumnyoa taratibu, maana manyoya yalikuwa yameshikana kama mkeka uliolowa ukakaukia juani. Kazi ilimla asubuhi nzima. Mwishowe kikatoka kijibwa chembamba, chekundu kwa upele, ambacho kilipoachiwa kilijikung'uta, kikashangaa wepesi wake, kisha kikaanza kuzunguka chumba mbio bila sababu. Kinyozi alicheka mpaka akafuta machozi. Alishanyoa maharusi na wagombea wa uchaguzi, lakini hajawahi kuona mteja aliyefurahia kunyolewa namna ile.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na minne nyuma. Tangu siku hiyo daktari alimletea wale walioshindikana: wenye upele uliokula mpaka masikio, waliofungiwa uani na wenye nyumba wakahama, waliogongwa wakaachwa mtaroni. Daktari alitibu, kinyozi alinyoa, akaosha, akapaka dawa, akawalaza kwenye ua wake mpaka wapate nguvu na mtu wa kuwachukua. Alikuwa na mashine ya mbwa, iliyofungwa utepe mwekundu ili isije ikachanganywa na za watu. Walikuwapo waliosema mzee amechanganyikiwa. Yeye aliwajibu kwamba mbwa hawakopi, wala hawamfundishi kazi yake wakiwa kwenye kiti.

Mkewe, mama mmoja mnene aliyestaafu kazi ya dobi wa hospitali, alikuwa na msimamo wake. "Mimi na mbwa hatuna habari," alimwambia kila aliyeuliza. Lakini kila asubuhi jiko la pili lilichemsha wali na maini, bila chumvi kama daktari alivyoagiza. Eti aliwapikia kwa sababu wakiwa na njaa wanapiga kelele. Uongo mtupu. Mbwa wanaofika pale hawana hata nguvu ya kubweka.

Sasa tuje kwa huyu.

Aliletwa na dereva wa lori aliyemkuta nyuma ya ghala lililofungwa, mbwa jike wa rangi ya kahawia, mbavu zinahesabika, kafungwa waya shingoni. Waya ulifungwa alipokuwa mdogo na hakuna aliyekumbuka kuulegeza. Shingo ikakua, waya ukabaki ule ule, nyama ikaumeza. Daktari aliukata kwa koleo, kinyozi akiwa ameshika kichwa. Usaha uliotoka sitauelezea. Ziliandikwa sindano tano, moja kila siku, na manyoya yaliyozunguka kidonda yaondolewe ili pasishike uchafu.

Siku ya tatu asubuhi mvua ilinyesha, ua ukajaa maji. Kinyozi akamleta mbwa dukani mbele, karibu na dirisha penye mwanga. Mbwa alikuwa ameanza kumwamini. Alijilaza, akamwekea kichwa mapajani, akamwachia shingo. Kwenye benchi alikuwapo fundi viatu, jirani na rafiki wa siku nyingi, amekuja kukwepa mvua. Na wawili hao wakikutana, unajua tena. Kinyozi akaanza kumsimulia habari ya bwana harusi aliyesinzia akinyolewa, akageuza kichwa ghafla, akaenda kuoa na nyusi moja. Mdomo uko kwenye hadithi, mashine inatembea vizuri, kisogo kimekuwa safi. Akaipuliza mashine, akaiweka chini. Mkono wa kushoto ukapanda rafuni wenyewe, ukashika chupa, ukamimina spiriti kiganjani, na kiganja kikatua shingoni, pa! Ndivyo mkono huo ulivyomaliza kila kichwa kwa miaka thelathini.

Mlio aliotoa yule mbwa ulisikika mpaka barabarani. Aliruka, akaangusha gazeti, sabuni na brashi, akapita katikati ya miguu ya fundi viatu na kutokomea mlangoni kwenye mvua.

Kinyozi alibaki ametazama kiganja chake.

"Mungu wangu," alisema. "Nimefanya nini?"

Walimkuta gereji, ng'ambo ya barabara. Palikuwa na lori bovu lililokaa pale miaka bila magurudumu, tumbo karibu na ardhi. Mbwa alikuwa amejipenyeza chini yake mpaka ukutani, mahali ambapo hakuna mkono wala bega linaloweza kufika. Fundi magari alisema hathubutu kulinyanyua, chesisi imeoza, likikatika litamlalia. Mtu mmoja akapendekeza wamvute kwa kitanzi mwisho wa mti. Daktari, aliyefika mbio na koti la mvua juu ya aproni, alimkata jicho tu.

"Kitanzi kwenye shingo ile?" Kisha akamgeukia kinyozi. "Amepata sindano mbili, mzee. Zimebaki tatu."

"Zikikatika?"

"Ule usaha uko karibu kuingia kwenye damu. Leo na kesho anaweza kuvumilia. Keshokutwa, asipotoka, siahidi kitu."

Siku hiyo kinyozi hakunyoa mtu. Alilala kifudifudi matopeni, shavu chini, akinyoosha kipande cha ini na kubembeleza kwa sauti zote anazozijua. Macho mawili yalimtazama kutoka gizani. Kila alivyosogeza mkono, macho yalirudi nyuma. Walijaribu kuficha kidonge ndani ya nyama na kuirusha. Nyama ililiwa walipoondoka, kidonge kikakutwa mchangani kisafi kabisa, kama kimeoshwa.

Jioni alirudi nyumbani matope mpaka kwenye nyusi, akakaa jikoni na sahani mbele yake bila kuigusa.

"Miaka yote naringa kwamba nina mkono mwepesi," alimwambia mkewe. "Waya ulimuumiza kwa sababu walimsahau. Mimi nimemuumiza ameniwekea kichwa mapajani."

Mkewe hakusema pole. Alivuta stuli, akakaa mbele yake. "Lete hiyo mikono."

Akaileta. Mama akainusa, akakunja uso.

"Baba, wewe mwenyewe ni chupa. Ananusa kile kile kilichomuunguza, halafu unashangaa anakimbia?" Akachukua beseni, maji ya moto na sabuni ya kufulia, akaanza kumsugua, kiganja, vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye viwiko, kwa nguvu ya mtu aliyefua mashuka ya wodi nzima maisha yake yote. Akamwaga maji, akaanza upya. "Na kesho usiiguse spiriti."

"Wateja je?"

"Watanyolewa kavu. Hawafi. Halafu acha kulala pale na kumkodolea macho. Hata mimi ningekuwa mbwa ningekukimbia. Mwache akuone ukifanya kazi yako. Aone watu wanashikwa vichwa na hakuna anayelia."

Kinyozi alimwangalia kwa mshangao. Alikuwa ameoa mwanamke mwenye akili kumzidi, na kwa kweli alilijua hilo siku zote, ila hakuwa na mazoea ya kulisema. Jioni ile alilisema. Mama akamwambia ale, chakula kinapoa.

Kesho yake watu waliopita barabarani waliona kioja. Fundi viatu na fundi magari walikuwa wamebeba kile kiti kizito, wanavuka nacho barabara huku wakitukanana kirafiki, mpaka gereji, hatua nne kutoka kwenye lori. Waya wa umeme ukavutwa kutoka kwenye karakana. Kioo kikaegemezwa kwenye pipa la oili chafu. Duka likafunguliwa.

Na wateja wakaja. Hili kinyozi hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kuwaomba radhi, kueleza kwamba hapa pana vumbi, tena leo hakuna spiriti, vipele vinaweza kutoka, mtu akitaka aende kwa mwingine bila kinyongo. Hakumaliza sentensi hiyo hata kwa mmoja. Wa kwanza, dereva yule yule wa lori, alikaa kitini akasema, "Nyoa, mzee. Mimi ndiye niliyemleta." Nyuma yake wakajipanga wengine, baadhi yao walionyolewa juzi tu na hawana hata cha kukata. Waliongea kwa minong'ono. Mtu akitaka kupiga chafya alienda nje ya geti. Kinyozi, ambaye hajawahi kunyoa kimya hata msibani, alisimulia hadithi zake kwa sauti ya chini, na kila mara alihisi macho mawili nyuma yake. Hakugeuka.

Jioni kipande cha nyama kilicholala kwenye ukingo wa lori kililiwa wangali wote wapo. Mbwa hakutoka.

Siku ya tatu tangu akimbie, hali ilibadilika. Nyama haikuguswa. Ukikaa kimya ulisikia pumzi fupi fupi kutoka chini ya lori, na nzi walikuwa wameshajua njia. Daktari alikuja adhuhuri, akakaa mwisho wa benchi kama mteja anayesubiri zamu, sindano tayari mfukoni, mkono juu yake. Hakuna aliyemsalimia kwa sauti. Kinyozi, mikono imesuguliwa na mkewe asubuhi tena mpaka ngozi ikachubuka, akawa anahesabu pumzi zile badala ya nywele.

Kwenye kiti alikuwapo mwalimu mstaafu, mzee mwenye kichwa kikubwa na subira ndogo. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha. Kinyozi akahamia kushoto, na hapo ndipo minong'ono ya benchi ilipokatika.

Hakuangalia. Aliona kwenye kioo. Mbwa alikuwa ametoka nusu, kifua chini, anajikokota. Akasimama. Akapita mbele ya viatu vya daktari. Akapita kwenye kipande cha ini bila kukinusa. Kichwa kilikuwa kimemlemea. Alifika nyuma ya kiti, akanusa kidole gumba cha mguu wa kinyozi, kilichotokeza kwenye ndala, akanusa tena kwa muda mrefu. Kisha akajilaza na kuweka kidevu chake juu ya mguu ule.

Mashine iliendelea kunguruma hewani, haijagusa kitu.

"Usisogee," alinong'ona daktari, ameshapiga magoti.

"Nisogee niende wapi?" alisema kinyozi.

Sindano ilipoingia, mbwa alishtuka mwili mzima. Kinyozi alihisi mshtuko huo kwenye mifupa ya mguu wake, akafumba macho akisubiri uzito ule uondoke. Haukuondoka. Kidevu kilitulia pale pale.

"Imeingia yote," alisema daktari. "Moyo bado una nguvu. Ameiwahi, mzee."

Watu wazima kwenye benchi walikuwa wanafuta macho na kusingizia vumbi la gereji. Kinyozi hakusingizia chochote. Alilia waziwazi, akawashukuru mmoja mmoja: daktari, dereva, fundi viatu, fundi magari na umeme wake, wote wenye vipele shingoni kwa ajili ya mbwa asiyekuwa wao. Akatuma salamu nyumbani kwa mama mwenye sabuni. Halafu akainamisha kichwa.

"Na wewe," alimwambia yule mbwa. "Ungeweza kukaa kule kule. Asante. Asante sana, mama."

"Mimi je?" aliuliza mwalimu mstaafu, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina. "Nitaenda nyumbani hivi?"

Akamalizia upande wa kushoto kwa kujinyoosha tu, kiuno kikizunguka pale ambapo miguu ingetembea. Kazi haikuwa nzuri, lakini mwalimu, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, akalipa akaenda zake. Benchi likapungua. Daktari akaenda kufungua kliniki, akaahidi kurudi na sindano ya nne. Jua lilipoanza kushuka, fundi magari alikuja na funguo za geti mkononi.

"Mzee, nifunge?"

"Nipe muda kidogo, ndugu yangu."

Mbwa alikuwa amelala usingizi, ule mzito wenye mikoromo. Mguu wa kinyozi ulikuwa umekufa ganzi tangu saa tisa. Hakuusogeza.