Jiwe la Kuwashia Moto

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Salamabila na kijiti cheusi cha kupigia cheche, eti cha kuwashia moto porini. Nilikinusa kwanza, maana sikukiamini. Ile harufu ya chuma kilichoungua ikanirudisha sokoni Kasongo, mchana mmoja wa mawingu.

Baba alikuwa akitafuta jiwe la kuwashia moto tukiwa shambani. Msimu uliotangulia viberiti vililowa mvua huko, tukalala na njaa. Muuzaji alipiga jiwe kwa kisu chake, ka! ka!, cheche zikaruka.

“Baba, hilo!” nikasema.

“Nyamaza, mutoto. Ndugu, piga na kisu yangu.”

Muuzaji akacheka. “Unaniogopa, mzee?”

“Naogopa mvua.”

Akapiga mawe matatu kwa kisu chetu. Hakuna kitu. Nikaona haya. Nilidhani moto unalala ndani ya jiwe, na mawe yametukataa sisi. Sikujua kwamba cheche hutoka kwenye chuma, na chetu kilikuwa laini.

Baba alijua. “Sawa,” akasema. “Jiwe nipe lolote. Lakini niuzie ile kisu yako.”

Muuzaji akaacha kucheka. Alikificha kisu nyuma ya mgongo, lakini baba alikuwa ameshakaa chini kupatana bei.