Siku Wakwe Walipolala Chini Sebuleni Kwangu

Leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo la panya ningejaribu kuingia, maana kulala kifudifudi pamoja na wakwe, huku chumba chako mwenyewe kinakutangaza, hiyo aibu sijui kama kuna bibi mwingine hapa Kinyangiri ameshaipata.

Mjukuu wangu Anjelina anafanya muziki na mwenzake Hadija, binti wa duka la vitambaa kule Singida Mjini. Ni wawili tu, wanajiita Chumvi ya Kindai, kwa jina la ziwa la pale mjini. Si muziki wa kucheza (nilimuuliza ngoma iko wapi, akasema hakuna, nikauliza nani anaimba, akasema hakuna). Wanachukua sauti za vitu, upepo, mashine ya kusaga, maji, halafu wanazivuta kwenye kompyuta mpaka zinakuwa ndefu kama barabara ya Manyoni. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini kujua mambo napenda, nikamwambia niletee na mimi nisikie hicho kinachokukondesha. Akaniletea flashi yenye albamu nne.

"Bibi, anza na ya tatu," akaniambia. "Hiyo ni laini, itakuzoesha. Ya kwanza iache mwisho kabisa, ngumu ile."

Nikaitikia. Alipoondoka nikajiuliza, watoto wanne wa tumbo moja, utamsalimiaje wa tatu wakati kifungua mimba amesimama anakutazama? Nikaamua kuanza na ya kwanza.

Basi, Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa huyo huyo Anjelina, nami najifunga kitenge chumbani, nikachomeka flashi kwenye redio. Kimya. Nikaongeza sauti, kimya. Nikazungusha mpaka mwisho, nikatega sikio, nikasikia kama mtu anapumua ng'ambo ya mlima, nikasema labda ndiyo huo ugumu wenyewe. Mara hodi! Nikatoka, redio nikaiacha hivyo hivyo.

Walikuja Mzee Kitundu, babu yake kijana, na shangazi yake Eliwaza, na mshenga wao Zefania, mtu wa maneno matamu. Chai ikamiminwa, Zefania akasimama, akakohoa, "Bibi, sisi tumepita njia, tumeona ua zuri katika boma hili..."

Vuuuuuuu.

Mwanzoni kidogo, halafu kubwa, halafu nyumba nzima, mpaka vijiko vinatetemeka kwenye vikombe. Sasa huku kwetu watu wanarina asali tangu enzi za mababu, na kila mtu anajua kundi likiingia ndani hupigi kelele wala hupungi mikono. Mzee Kitundu, ambaye mizinga amefuga maisha yake yote, akasema taratibu, "Nyuki. Chini wote."

Tukalala. Zefania alivuta kitambaa cha kochi akajifunika kichwa, Eliwaza akajifunika cha meza (chai ikamwagika yote), na mimi, mimi mwenye redio, nikajitumbukiza ndani ya kanga nikiomba Mungu, maana niliona posa ya mtoto inakufa hivi hivi, watasema boma gani hili linapokea wageni na nyuki. Jirani yangu Mkumbo naye akasikia kutoka shambani, akaja mbio na kigae cha samadi inayofuka, akaanza kupuliza moshi dirishani. Tunakohoa midomo imefumbwa.

Halafu nyuki wakanyamaza, ikatoka sauti chumbani, nzito, ya polepole, "Shuuuka kitandaaani! Umenitagia teeena!"

"Nani huyo?" Zefania akanong'ona chini ya kitambaa.

"Shuuuka kitandaaani!"

Nikaijua sauti. Ilikuwa yangu! Yule mtoto alinirekodi nikimfukuza tetea wangu, akaninyoosha, akanirudiarudia, na sasa wakwe wote wanajua kitanda cha bibi ndicho kiota cha kuku. Nikatamani wangekuwa nyuki kweli.

Nikafunua uso, nikasema, "Jamani, si nyuki. Ni kazi ya mjukuu wangu."

Eliwaza akainuka akifuta chai. "Kazi? Hii ndiyo kazi anayofanya mkwe wetu?"

"Ndiyo, na watu wanasikiliza."

"Wakiwa wamelala chini?"

Nikainuka nikazime, nyuki nao wameanza tena, lakini Mzee Kitundu hata hakujitikisa, shavu lake bado liko kwenye mkeka, macho ameyafumba.

"Acha," akasema. "Redio imewakuza tu, hao ni nyuki wadogo, wasiouma, wako karibu na maji. Huyo binti alikaa nao muda mrefu. Mtu asiye na subira hawezi kuwapata hivi."

Basi tukasikiliza mpaka mwisho, moshi umejaa, Mkumbo kaegemea dirisha na kigae chake. Ilipoisha mzee akakaa, akajipangusa, akamwambia mshenga, "Zefania, maliza maneno yako. Huyu binti tunamtaka. Ila nyimbo za harusini tutachagua sisi."

Nimeapa mgeni akipiga hodi nitaing'oa flashi kwanza, hata kama hakisikiki kitu. Albamu ya pili naisikiliza peke yangu, mlango nimefunga. Bado sijaielewa, lakini naanza kuizoea.