Jasho la Mzee Maigizo

Chuoni tulimwita Robo. Jina lilitoka kwa baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, siku alipomleta kusomea shahada ya sayansi za afya, yenye fani nne ndani yake. "Robo muuguzi, robo mshauri, robo takwimu, robo ustawi wa jamii! Mshika mawili moja humponyoka, wewe mwanangu umeshika manne." Tulicheka mpaka basi, kumbe nasi tulikuwa tunasoma hiyohiyo.

Mtihani uliomtesa ni wa kumhoji mgonjwa. Mgonjwa huwa wa kuigiza: Mzee Maigizo, mstaafu wa michezo ya redio, hukaririshwa ugonjwa, akalala kitandani, nawe unamuuliza mpaka kengele ilie. Mara ya kwanza mzee aliugulia vizuri mno, Robo akatimua mbio kuita wauguzi. Chuo kizima kilimcheka, akapewa sifuri. Akifeli tena, ni kufunga virago.

Siku ya marudio nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Kwa sababu ya joto, mlango uliachwa wazi.

"Shikamoo, mzee. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba. Tumbo, mwanangu."

Tumbo ndilo alilokaririshwa. Lakini mkono wake ulikuwa unasugua kifua. Robo akamgusa paji la uso, kisha akatazama vidole vyake vilivyoloa.

"Mzee, unaigiza?"

Mwalimu akagonga meza. "Swali hilo haliulizwi! Endelea."

"Tumbo," mzee akasema kwa shida. Msanii yule, hata pumzi ikimwisha hasahau maneno yake.

"Mwalimu, ana jasho la baridi."

"Joto hili nani hana jasho? Binti, ukitoka kabla ya kengele, safari yako imeishia hapa. Umesahau ya mara ile?"

"Sijasahau."

Alitugeukia sisi wa foleni. Mimi ningebaki, nasema kweli.

"Samahani, mwalimu." Akatoka mkuku, akanipiga kikumbo. Nyuma yangu mtu akacheka, "Kaanza tena huyo!"

Kicheko kilikatika mzee alipoteleza kitandani. Mwalimu alimdaka, akaanza kupiga kelele za msaada, lakini wauguzi walikuwa tayari wanapanda ngazi na Robo mbele yao. Ni moyo, walisema. Wangechelewa kidogo tungekuwa tunazika.

Sheria ni msumeno: sifuri ilibaki palepale. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa wakubwa kumwombea nafasi nyingine, na hakurudi mpaka akaipata.

Mzee aliporuhusiwa kutoka hospitali alisema mgonjwa wa mtihani huo ni yeye, wasimtafute mwingine. Alilala kitandani, amekonda, shati limemzidi. Robo aliingia, akanawa mikono, akasimama kando yake. Mwalimu naye hakumharakisha. Hatimaye Robo akamgusa mzee paji la uso. Lilikuwa kavu.

"Leo naigiza, mwanangu," mzee akamnong'oneza. "Niulize."

Robo alifungua mdomo, akaanza kulia.