Kitabu cha mapinduzi kilitulisha ndiga bila kuloweka, Shomari nusura afe

Wakuu, habari za humu.

Kila siku naona vijana wanabandika PDF za mapinduzi na kuapa wataibadilisha dunia kabla ya Ijumaa. Nimevumilia sana, leo nasema. Na hii si chai, aliyenusurika yupo hai na uzi huu anausoma.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nasoma sekondari Kibaha. Nchi nzima ilikuwa inaongelea ukombozi wa kusini. Sisi watatu tukaona shule inatuchelewesha: mimi, rafiki yangu Shomari, na Athumani wa Kongowe, ambaye tulimwita Kamanda.

Kamanda alikuwa na kitabu. Hakina jalada, kimechapwa huko ng'ambo, kimepita mikono mingi hadi kinanuka jasho. Kinafundisha mpiganaji aishi vipi msituni. Sisi tulikiamini kila mstari.

Mpango ulikuwa hivi. Likizo tukafanye training kwenye msitu wa jirani na kwetu Mzenga, kule Kisarawe. Tukishaiva, tushuke kwa miguu hadi Msumbiji. Nyumbani tukaaga kwamba tunakwenda kambi ya shule.

Chakula kikaisha mapema. (Kamanda ndiye aliyemaliza mikate, hilo halina mjadala.)

Njaa ikatubana, tukachimba ndiga. Kwa msioijua, ni kiazi cha porini chenye sumu. Kwetu watu huila pale chakula kinapokosekana, lakini kwanza inakatwa vipande na kulowekwa mtoni siku kadhaa. Sote tulilijua hilo tangu utotoni.

Nikasema, "Jamani, hii mpaka ilowekwe."

Kamanda akafungua kitabu. Kimeandika kwamba kiazi chochote kikichemshwa sawasawa kinaliwa, na kwamba hofu za wanakijiji ni minyororo ya ukabaila.

"Komredi," akaniambia, "wewe bado una ukabaila kichwani."

Wakuu, miaka ile hakukuwa na tusi linalouma kama hilo. Nikachochea moto.

Shomari akawa wa kwanza kula, na alikula haswa. Sisi bado tunapuliza ipoe, mwenzetu akaanza kutapika. Midomo ikafa ganzi, akaanza kuweweseka, miguu ikakataa kabisa. Niliogopa mno.

Kamanda akambeba mgongoni hadi kwetu, hakukubali kupokewa. Njia nzima anasoma Yasini kwa sauti huku analia na kumwita mama yake. Huyu ndiye aliyekuwa anatufundisha kwamba dini ni kasumba!

Mama alipotuona hata salamu hakungoja.

"Mmekula nini?"

"Ndiga, mama."

"Mliloweka?"

Jibu akalisoma usoni mwetu. Mama akapiga ukunga, majirani wakaja mbio, Shomari akalazwa kwenye kitanda cha kamba na kukimbizwa zahanati. Sisi tukabaki nje tumekaa chini, hatutazamani usoni. Niliomba kwa Mungu mtu mmoja tu apone, dunia nzima ibaki ilivyo.

Kesho yake Shomari akafumbua macho, akatuangalia mmoja mmoja.

"Tumeshafika Msumbiji?"

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Mpo Mzenga, mwanangu. Na mnanuka."

Sijawahi kusikia raha kama ile maishani mwangu.

Kile kitabu mama alikichana kuwashia moto wa uji wa mgonjwa. Ndiyo mara pekee kilipotulisha vizuri.

Sikebehi ukombozi. Watu walikwenda kweli, walikufa kweli, na kusini kukawa huru bila sisi. Ila aliyeandika vile sidhani kama aliwahi kuiona ndiga. Kwa hiyo vijana, someni, lakini kabla ya kumfuata mwandishi jiulizeni kama yeye mwenyewe alikula alichowapikia.

Shomari sasa ni babu, yupo Mlandizi na wajukuu zake. Yeye anadai mikate niliimaliza mimi.

Haya, leteni na yenu. Wewe Shomari, usije ukanichafulia uzi.