Mwalimu Alipoketi Nami Benchini

Mwaka ule masomo yalichelewa kufunguliwa pale Baraka, maana askari walikuwa wamelala madarasani, na walipoondoka tulikuta mabenchi mengi yamechomwa kupikia. Tulibanana kwenye yale machache yaliyobaki.

Mimi nilikuwa mgeni. Vita vilipotukuta shambani Lulimba, mama alikimbia na wadogo zangu wawili upande mmoja, mimi nikajikuta nyuma ya watu nisiowajua, nikawafuata hadi Baraka, kando ya ziwa. Baba tulikuwa tumeshamzika. Shangazi, dada yake, alinipokea vizuri. Aliuza ndakala, vile vidagaa vya ziwani, sokoni, na watoto wake walikuwa wengi hata mara nyingine, akipakua bugali, alisahau kwamba nimeongezeka.

Mwalimu wetu wa mwaka wa tano naye alikuwa mgeni, mwanamke mwembamba kutoka Mboko. Asubuhi ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Alisema kabla ya hesabu tujuane kwanza: kila mmoja amtafute mwenzake, amwulize ametoka wapi, anapenda nini na anaishi na nani, kisha asimame amjulishe kwa wengine kama mtu anayejulisha ndugu yake kwa wageni.

Darasa likachangamka. Watoto wa Baraka walishikana mara moja, watu waliooga pamoja ziwani tangu wadogo, wakaulizana mambo waliyokuwa wakiyajua na kuchekana. Hakuna aliyenikataa. Ni kwamba hakuna aliyegeuka upande wangu. Nikainama, nikajifanya natoa mchanga kwenye kandambili.

Mwalimu akaja akaketi kando yangu. Akaniambia mwenzangu ni yeye, niulize.

Alinijibu kwamba kwao Mboko walilima mihogo kando ya barabara. Nilipomwuliza anapenda nini alifikiri sana, kisha akasema kuimba, ile sauti ya chini kanisani.

"Na unaikala na nani, madamu?"

Aliangalia mlangoni. "Niko peke yangu," alisema polepole. "Bwana na batoto balipanda mutumbwi wa kwanza. Mi nilibaki kungojea wa pili. Wa pili haukukuja."

Kisha akaniuliza mimi. Nilimweleza habari ya mama na wadogo zangu, na hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu nifike Baraka sikuwa nimemweleza mtu. Hakuniambia pole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasimama kurudi mbele.

Zamu yangu ilipofika nilisema madamu anatoka Mboko na anapenda kuimba. Nikaanza kuketi. Mmoja wa nyuma akauliza anaishi na nani.

"Na bantu ba kwabo," nikajibu, nikaketi.

Naye akanijulisha. Alisema natoka Lulimba, naishi kwa shangazi karibu na soko. "Mama yake iko njiani," akamalizia. "Atakuja."

Alilisema neno hilo kama habari aliyoipata kwa mtu wa kuaminika, na mimi nikaliamini siku nzima.

Nilitegemea kwamba baada ya siku ile tutakuwa watu wa karibu. Haikuwa hivyo. Alinisalimu kama alivyowasalimu wengine, akasahihisha makosa yangu kama ya wengine, na wakati wa mapumziko alisimama peke yake kwenye kivuli cha ukuta, nami peke yangu kwenye ngazi. Nafikiri kila mmoja wetu aliogopa kumkumbusha mwenzake.

Jumatatu moja hakuja. Mkubwa wa masomo, mwalimu mkuu wetu, alituambia ameshuka Kazimia kutafuta mashua ya kumvusha ng'ambo ya ziwa, akawatafute watu wake. Hakurudi, wala hatukusikia kama aliwapata. Tukaunganishwa na mwaka wa sita, kwa mwalimu aliyetuita kwa kutunyooshea kidole.

Mvua zilipokwisha, mama alifika, na mdogo wangu mmoja tu mgongoni. Asubuhi iliyofuata nilikwenda masomo nikiwa na hamu ya kumwambia mtu kwamba mama amekuja, na kumwambia pia habari ya yule mdogo wangu mwingine ambaye hakufika. Nilizunguka uwanja wote, hata kwenye kile kivuli cha ukuta, mpaka kengele ikalia, nikaingia darasani, nikaketi.